Swali la kijana wa Gotu

Gari letu kutoka Merti lilisimamishwa na polisi karibu na daraja la Gotu, pale barabara ya Isiolo inapovuka Ewaso Nyiro. Tukateremka, tukatoa vitambulisho, mizigo ikakaguliwa. Jirani yangu garini, kijana anayesomea kompyuta, alikuwa amepitia kijitabu changu cha istilahi. Akaniuliza: "Mwalimu, ile 'nukta ya mvunjiko' uliyotuandikia, kwani inavunja nini?"

Sikuwa na jibu.

Kwa msomaji asiyeandika programu, mambo ni hivi. Programu ni mfululizo wa amri. Ikitoa jibu baya, mwandishi wake huweka alama kwenye mstari anaoushuku. Ikifika hapo inasimama, naye anachungulia thamani zote zilizomo wakati huo, kisha anairuhusu iendelee. Vijana huiita alama hiyo brekipointi. (Masikioni mwa Mswahili hapo ni mahali pa kufunga breki, na kusema kweli hawajapotea sana.) Mimi nilifungua kamusi ya Kiingereza, nikakutana na "kuvunja", nikaridhika.

Laiti ningeanza na historia. Mashine ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, haikuandikiwa amri kama tufanyavyo leo. Ilipangiwa kazi kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi. Waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa wanawake sita, na mmoja wao, Betty Snyder, ambaye baadaye aliitwa Betty Holberton, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa brekipointi. Ili kuisimamisha hesabu katikati, walichomoa waya uliopeleka ishara kwenye hatua iliyofuata. Hesabu ikakwama hapo hapo, nao wakasoma tarakimu kwenye taa ndogo za mashine.

Sasa hebu tujiulize: waya ukichomolewa, Mswahili husema nini? Umeme ukipotea nyumbani hatusemi umevunjika. Umekatika! Simu nayo hukatika, mazungumzo hukatizwa. Kinachovunjika ni kikombe, mfupa, ndoa. Hata kwa tafsiri ya neno kwa neno, basi, nilichagua kitenzi kisicho chake.

Tena baadaye hata huo waya ulitoweka. Kichakato cha Intel 8086, kilichotoka mwaka 1978, kina amri ya baiti moja, CC, inayofaa kwa shughuli hii. Programu ya kusaka hitilafu huiondoa baiti ya kwanza ya amri iliyopo, huiweka kando na kupachika CC mahali pake. Kichakato kikiikuta, husimama na kukabidhi usukani kwa msakaji. Akimaliza kukagua, ile baiti ya asili hurudishwa na kazi huendelea kana kwamba hakuna aliyeigusa. Hakuna kilichovunjwa. Na tangu Python 3.7 ya mwaka 2018, mwandishi anaweza kuomba kusimamishwa kwa neno moja tu ndani ya programu yake.

Ninaona pia kwa nini kosa langu halikukemewa mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kazi ya kupigiwa mfano. Lakini ile ilimlenga anayeitumia kompyuta. Anayeiandikia amri tumemwachia Kiingereza, na akipewa neno la Kiswahili huwa ni la watu kama mimi, ambao hatujawahi kusaka hitilafu hata moja.

Pale Gotu nilimwonyesha kijana polisi waliotusimamisha, nikapendekeza "kizuizi". Akakataa. "Kizuizi kinazuia, mwalimu. Hii inakuchek halafu inakuachilia." Nilitaka kubisha kwamba hata sisi tungeachiliwa punde, ila nikakumbuka kwamba kwa wengi kizuizi ni kikwazo. Tukaelewana kwenye "kituo cha ukaguzi". Ni refu, najua, lakini kabla hatujapanda gari alikuwa ameshalikata: "Weka kituo mstari wa kumi na mbili."

Nakala yangu ya kijitabu nimeisahihisha kwa kalamu. Zile zilizokwisha kusambazwa bado zinavunja.