Tarehe, Mfuko na Adhabu: Somo la Marekebisho ya Kigali kwa Sera za Tabianchi

Wapo wachambuzi wanaoshikilia kwamba mataifa hayawezi kufungwa na ratiba moja ya kupunguza gesijoto: kila nchi ijipangie kiwango chake, na aibu ya kubaki nyuma itaisukuma. Huo ndio moyo wa Mkataba wa Paris wa Desemba 2015. Makala hii inalipinga dai hilo kwa ushahidi uliopatikana Kigali miezi kumi tu baadaye.

Kwamba binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, na kwamba kuchelewa kunapandisha gharama, si jambo la kubishania tena. Ubishi uko kwenye namna ya kuharakisha.

Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya majadiliano ya usiku kucha, karibu nchi 200 ziliirekebisha Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni ili kupunguza HFC, gesi za majokofu na viyoyozi. Gesi hizi haziharibu tabaka la ozoni, lakini mojawapo, HFC-134a, hupasha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Ratiba ya marekebisho hayo ndiyo hoja yangu kuu. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza kupunguza 2019 na kufikia asilimia 85 mwaka 2036. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika na China, zilipewa 2024 kusitisha ongezeko na 2045 kufikia punguzo la asilimia 80. India na nchi za Ghuba zitasitisha 2028. Uwezo mdogo umepewa muda, haukupewa msamaha. Mfuko wa pamoja unagharimia mpito wa nchi maskini, na kuanzia 2033 biashara ya HFC na wasiojiunga imepangwa kuzuiwa. Ikitekelezwa kikamilifu, ratiba hii inakadiriwa kuepusha hadi nyuzi 0.5 za Selsiasi kufikia 2100.

Wapinzani watasema HFC zina viwanda vichache na mbadala upo, ilhali makaa ya mawe na petroli vimeshikilia uchumi mzima. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini mwaka 1987 mbadala mwingi wa gesi zilizotoboa ozoni haukuwa sokoni bado. Tarehe ndiyo iliyowaharakisha watengenezaji. Nishati ya jua, kinyume chake, tayari iko sokoni na bei yake imeshuka sana.

Linganisha na ahadi ya Rwanda ya 2020 chini ya Paris: kupunguza asilimia 38 ya makadirio ya 2030, ambapo 16 ni kwa nguvu zake na 22 zinategemea msaada. Zaidi ya nusu ya ahadi imeachwa kwenye hiari ya wengine. Mafuriko ya Mei 2023, yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi, kaskazini na kusini mwa nchi, hayakungoja hiari hiyo.

Huenda ratiba ya aina hii isitoshe kwa kila sekta. Hata hivyo, Afrika Mashariki idai ratiba ya lazima, kuanzia umeme wa makaa ya mawe: tajiri atangulie, maskini alipiwe mpito, na anayekaidi afungiwe soko.