Kileo, Kosa na Cheti: Kumbukumbu za Ulevi katika Historia ya Bukavu

Mtu anayetafuta kazi mjini Bukavu huombwa mara nyingi karatasi mbili zaidi ya vyeti vya shule. Ya kwanza ni dondoo la kumbukumbu za hukumu, ambalo asili yake ni ofisi ya mwendesha mashtaka, iitwayo na wenyeji parke. Ya pili ni cheti cha mwenendo mwema kutoka komini. Karatasi ya kwanza hueleza yale yaliyotamkwa na mahakama. Ya pili hueleza namna utawala unavyomfahamu mtu. Kosa la ulevi wa hadharani hukaa katikati ya hizo mbili: ni dogo mno kulinganishwa na wizi, lakini latosha kumharibia mtu jina. Ni nani basi mwenye haki ya kulijua, na kwa muda gani? Swali hili lina historia ndefu kuliko karatasi zenyewe.

Sheria za kileo katika Kongo zilianza na masharti ya kimataifa. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ukaendeleza masharti hayo. Katika Kongo ya Wabelgiji, pombe kali ilikuwa haramu kwa Mwafrika na halali kwa Mzungu. Kwa hiyo kosa halikupimwa kwa wingi wa kileo peke yake, bali pia kwa rangi ya mnywaji. Pombe ya ndizi, kasiksi, ambayo Washi waliitumia katika mahari, matanga na mapatano, nayo ilitazamwa na watawala kwa jicho la shaka.

Mjini Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa hadi miaka ya 1950, Wazungu waliishi Ibanda na Waafrika wakatengewa mitaa kama Kadutu. Huko mtawala wa wilaya alisimamia polisi na pia kuketi katika mahakama ya polisi iliyowahukumu Waafrika kwa makosa madogo. Katika hali hiyo swali la nani aruhusiwe kusoma kumbukumbu halikuweza hata kuzuka, kwa kuwa aliyekamata, aliyehukumu na aliyetunza daftari walikuwa chini ya paa moja. Asiyekuwa na njia ya kulisoma daftari hilo ni yule aliyeandikwa ndani yake. Nchini Kenya, kipande kilichoanzishwa kwa sheria ya 1915 kilimfanya Mwafrika abebe shingoni ushahidi juu yake mwenyewe, tayari kusomwa na mwajiri.

Mwaka 1948 kumbukumbu zilipewa kazi mpya. Kadi ya sifa ya uraia ilitolewa kwa Mwafrika aliyejua kusoma na kuandika, asiye na wake wengi, na ambaye katika miaka mitano iliyotangulia hakuhukumiwa kwa makosa fulani. Amri ya tarehe 17 Mei 1952 ikaongeza uandikishaji wa wale walioitwa wastaarabu, na wachunguzi wakaingia hata majumbani mwa waombaji. Daftari la makosa halikuwa tena chombo cha kuadhibu tu; lilikuwa chujio. Na palipopimwa tabia nzima ya mtu, usiku mmoja wa kileo ungeweza kuwa na uzito usiolingana na kosa.

Kanuni ya mwenendo wa mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyoendelea kutumika baada ya uhuru, ilifungua mlango mwingine. Kwa kosa linalostahili faini tu, ofisa wa polisi wa mahakama anaweza kumtaka mtu alipe faini ya mapatano. Akilipa, shauri hukoma, isipokuwa mwendesha mashtaka akiamua vinginevyo, na malipo hayo si ungamo la hatia. Kwa kuwa hakuna hukumu, hakuna cha kuandikwa katika dondoo. Hata hivyo, maandishi ya polisi hubaki. Hivyo polisi hujua jambo ambalo mwajiri hapaswi kuambiwa. Huo ni upole wa sheria, lakini una hatari yake: aliyelipa bila kupewa risiti hana cha kuthibitisha kwamba jambo limekwisha.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 31, na Kanuni ya Dijitali ya 2023 imeweka masharti juu ya taarifa za watu binafsi. Lakini ulinzi wa sheria huhitaji ofisi zinazodumu. Bukavu ilitekwa na mamluki mwaka 1967, ikapigwa na vita mwaka 1996 na 2004, na Februari 2025, M23 walipoingia mjini, wafungwa wa gereza kuu walitoroka.

Daftari likipotea, mwenye kosa hasafishwi. Nafasi yake hutwaliwa na uvumi wa mtaa, ambao hauna tarehe, hauna rufani wala haujui kosa lililokwisha kulipiwa. Kwa mkazi wa Kadutu, kumbukumbu iliyofungwa kwa umma, iliyo wazi kwa mwenyewe na yenye kikomo cha muda si upendeleo kwa walevi. Ndiyo tofauti kati ya kuadhibiwa mara moja na kuadhibiwa maisha.