Kupoza au Kutuliza? Istilahi ya Kioo Kinachotoka Tanurini

Pwani ya Mtwara haikuanza leo kujua tanuu. Nyumba kongwe za Mikindani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Mchoma chokaa hana haja ya kuusimamia moto unapozima: rundo likishaungua huachwa lipoe, kisha hunyunyiziwa maji. Kioo hakitaki hivyo. Mwanagenzi anayeunganisha vipande vya kioo katika tanuri dogo la umeme, akazima swichi na kwenda zake, huenda akakuta sahani imepasuka. Au ataikuta nzima, ataiuza, nayo ipasuke mezani kwa mteja siku kadhaa baadaye bila kuguswa na mtu.

Hatua aliyoiruka ndiyo ambayo vitabu vya Kiingereza huiita annealing. Kabla ya kuipa jina la Kiswahili, tuone inafanya kazi gani.

Kioo cha dirisha na cha chupa hutengenezwa kwa mchanga wa silika, magadi na chokaa. Vipande vyake hushikana na kuwa kitu kimoja tanuri likifika nyuzi 800 za Selsiasi na kupita kidogo. Joto likishuka hadi karibu 550, kioo huonekana kigumu, lakini ndani yake bado kuna nafasi ya kujipanga. Likishuka chini ya 500, nafasi hiyo imefungwa. Kioo kikipita hapo kwa haraka, ngozi ya nje huganda kwanza wakati kiini kingali na moto. Kiini nacho kinapotaka kusinyaa, ngozi iliyokwisha kuganda hukizuia. Mvutano huo hubaki ndani ya kioo, nao ndio mkazo.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, tanuri hushikiliwa penye nyuzi 540 hadi 550 mpaka unene wote wa kioo uwe na joto moja. Pili, joto hushushwa polepole mpaka chini kabisa ya 500, na mlango haufunguliwi mapema. Unene ni jambo kubwa hapa: kipande chenye unene maradufu huhitaji takriban mara nne ya muda.

Sasa jina. Tafsiri inayokuja mdomoni upesi ni kupoza, na anayetaka kuwa makini zaidi husema kupoza polepole. Zote mbili zinataja mwendo wa joto na kuacha lengo lake. Tena zinakwama kabisa mahali pamoja: kipande kilichopoa vibaya lakini hakijapasuka kinaweza kurudishwa tanurini, kikapashwa taratibu hadi 550, kikashikiliwa hapo na kushushwa upya. Kitu kilichokwisha kupoa hakipozwi, ila kinaweza kutulizwa. Kupooza nako kuna kasoro, kwa kuwa wengi wakilisikia hufikiria kiungo kilichokufa ganzi. Kwa hiyo napendekeza kutuliza, na jina la tendo liwe utulizaji. Kwetu maumivu hutulizwa na bahari hutulia, na mkazo wa kioo ni wa kutulizwa vivyo hivyo.

Faida ya istilahi hii huonekana wakati wa kutafuta chanzo cha ufa. Tazama kingo zake. Zikiwa zimeviringika, kioo kilipasuka wakati wa kupashwa, kabla ya kuyeyuka, kwa sababu moto ulipandishwa kwa pupa. Zikiwa kali, ufa ulitokea wakati wa kushuka au baada ya hapo. Ufa mkali unaojipinda na kukata sahani bila kujali mipaka ya vipande huashiria utulizaji hafifu. Ufa unaofuata mpaka wa vioo viwili una kisa kingine: vioo hivyo havitanuki wala kusinyaa kwa kiwango kimoja, na hapo hakuna utulizaji utakaosaidia. Viputo na utando wa ukungu visiingizwe katika hesabu hii. Viputo hutokana na hewa iliyonaswa, na ukungu hutokana na kioo kukaa mno kwenye joto kati ya 700 na 800, hasa kikiwa kichafu.

Mambo haya yanamhusu moja kwa moja anayeokota malighafi kati ya Mtwara mjini na Msimbati. Vipande vinavyotupwa ufukweni na maji havina asili moja, na chumvi iliyoganda juu yake hukaribisha ukungu. Vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe, lakini visichanganywe. Salama zaidi ni kukata vipande vyote kutoka chupa moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango ubaki umefungwa, na umeme ukirudi utulizaji uanze upya. Kusitokee mtu wa kuchungulia.

Hii si anasa ya mafundi wa ng'ambo. Chupa za viwandani, zikiwemo za Kioo Limited ya Dar es Salaam, hutulizwa kabla ya kujazwa kinywaji. Karakana ya Shanga ya Arusha, iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, hugeuza chupa zilizotumika kuwa vyombo na mapambo, na bila hatua hii vyombo hivyo visingefika mikononi mwa mnunuzi.

Basi maana na iandikwe hivi: utulizaji ni kukishikilia kioo kwenye joto linaloruhusu mkazo wake kuisha, kisha kukishusha polepole ili mkazo mpya usizaliwe. Mwanagenzi aandike katika daftari lake joto la kutuliza, muda wa kushikilia na unene wa kioo kwa kila kazi. Na walimu wa ufundi wawafundishe vijana neno hili tangu siku ya kwanza, kwa maana anayedhani kazi ni kupoza ataamini imekwisha pale anapozima swichi.