Kasri la nyumba ndogo

Jamani, Jumamosi niliacha vitabu bwenini nikapanda treni hapa Tours, kama nusu saa hivi, nikaenda kuiona Chenonceau. Hili ni kasri la karne ya 16, na limejengwa ndani ya mto Cher. Sio kando ya mto, juu ya maji kabisa!

Alilijenga Thomas Bohier, ofisa wa hazina ya mfalme. Alipofariki likaibuka deni la serikali, na mwaka 1535 kasri likachukuliwa na mfalme kufidia deni hilo. Mwaka 1547 Henri wa Pili akatawazwa, akampa kasri Diane de Poitiers. Mkewe? Hapana, mkewe alikuwa Catherine de' Medici. Diane, kwa lugha yetu ya mtaani, alikuwa nyumba ndogo, tena alimzidi mfalme kwa karibu miaka 20.

Ila msimcheke, mama alikuwa na akili. Alitengeneza bustani kubwa, akaiinua kwa kuta za mawe ili mafuriko yasiifikie. Akamwita Philibert de l'Orme amjengee daraja mpaka ng'ambo. Na kwa vile alijua zawadi ya mfalme hunyang'anywa, alihangaika na mambo ya sheria mpaka mwaka 1555 kasri likawa mali yake kwa kununua.

Basi bwana, mwaka 1559 Henri akajeruhiwa kwa mkuki katika mchezo wa farasi, akafa. Catherine hakungoja. Alimlazimisha Diane aachie Chenonceau, ampe yeye kasri la Chaumont. Baadaye akajenga ukumbi wa mita 60 juu ya daraja lile lile la mwenzake, na bustani yake upande wa pili.

Darasani Renaissance tunafundishwa ni matao na maua. Mimi niliposimama kati ya zile bustani mbili niliwaza hati ya Diane. Alinunua, alisaini, na bado alitolewa, maana aliyekuwa akiilinda hati ile alishazikwa. Hata Catherine nguvu yake ilitoka kwa mtu huyo huyo: alikuwa mjane wake, na mama wa wafalme waliofuata.

Bustani kubwa mpaka leo inaitwa ya Diane. Hilo Catherine hakuweza kulibadilisha.

Haya, narudi kusoma. Tuonane wiki ijayo!