Mafuta yenye kutii sumaku, na kura ya Ruzizi

Mimi niko mtu wa kilimo, hapana mtu wa mashine. Lakini kuna historia moja ya mafuta ambayo niko naifuata siku nyingi, juu inagusa hata robine zetu za Uvira.

Mwaka 1947, Washington, injinia mmoja anaitwa Jacob Rabinow, mzaliwa wa Kharkiv, alichanganya unga laini wa chuma na mafuta. Akizungushia waya yenye kura, chembe za chuma zinajipanga kama mnyororo, na mafuta yanakuwa magumu kama bugali. Akikata kura, yanarudia kuwa maji maji. Yote hiyo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Yeye alitafuta ambreyaje ya mashine, na haki ya uvumbuzi akaipata 1951. Lakini wenye kushugulika na mashine za kuendeshwa kwa mafuta waliona kitu kingine: vani isiyo na kipande chenye kutembea. Mafuta yanapita kwenye njia nyembamba, unaongeza kura, yanakwama, unapunguza, yanapita. (Musichanganye na yale ya Papell wa NASA, 1963. Yale chembe zake ni ndogo sana, hazitui chini, lakini hayawi magumu hivyo.)

Sasa tuje kwetu. Miaka ile ile ya 1950 Wabelgiji walijenga Ruzizi I pale Mururu, karibu na Bukavu, ikaanza kazi mwisho wa miaka hiyo. Ruzizi II ikafuata 1989, ya nchi tatu, chini ya SINELAC. Katika baraje kama hizo, turbine inapaswa kuzunguka kwa mwendo mmoja ili kura ibaki kwenye 50 Hz. Mtaa mzima ukikatika, turbine inataka kukimbia. Hapo mafuta yenye kukandamizwa yanasukuma pistoni, na pistoni inafunga vimlango vya maji. Ni mafuta ya kawaida tu.

Kwa nini si ya Rabinow? Chuma kinatua chini mashine ikilala. Kinakula pompu na majwenti. Mafuta yenyewe ni mazito, yanaweza kupita mara tatu uzito wa yale ya kawaida, na bei iko juu. Isitoshe, nguvu yao ni ya kuzuia, hapana ya kusukuma. Ndiyo maana yalipata kazi kwenye viti vya malori miaka ya 1990, kwenye gari ya Cadillac 2002, na kwenye kamba za daraja la Dongting kule China, kutuliza mtikisiko.

Na kwetu kutulia kwa kura si mchezo. Pompu za maji zikikosa kura, robine zinakauka, na watu wanashuka ziwani na bido. Utafiti uliofanywa hapa Uvira kuhusu miaka 2009 mpaka 2014 ulionyesha kwamba siku moja bila maji ya robine inafuatwa na siku 12 ambamo wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera wanaongezeka kwa 155%. Karibu robo ya wagonjwa wote ilitokana na siku za maji machache.

Wakati huo, kinachokaba mashine za Ruzizi mara nyingi ni chupa za plastiki zinazoshuka kutoka ziwa Kivu. Kwa maoni yangu, wavu na watu wa kuokota watatusaidia leo kuliko mafuta yoyote ya maabara.

Lakini mwenye anatafuta mada ya memware, jaribu hii: unga wa chuma kwa wachomeleaji wa Mulongwe, mawese, waya ya motere iliyokufa, batri ya moto. Chembe za maabara ni mikroni 1 mpaka 10. Zako zitakuwa kubwa zaidi. Pima zinatua chini kisha dakika ngapi, na mwenye amefanya kazi Mururu atuambie vani zao wanazisafisha namna gani.