Kutoka machimbo ya Kakontwe hadi toga nyeusi

Kakontwe, katika mji wa Likasi, Kongo, vumbi lake ni jeupe. Linatoka kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, mawe ambayo wanajiolojia waliyapa jina la mahali hapa, hata mtaalamu wa miamba aliye Ulaya analitaja Kakontwe bila kujua Likasi iko upande gani. Mtoto wa hapa akipata diploma ya sekondari na kusema anataka kuwa avoka, wazazi wanakaa chini na swali moja: akasomee wapi? Hapahapa Likasi, kwenye chuo kikuu cha mji, UNILI? Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120? Au Kinshasa? Jibu lake limebadilika mara nyingi katika miaka mia moja iliyopita, na kila lilipobadilika, maisha ya watu yalibadilika nalo.

Likasi ilipokuwa ikiitwa Jadotville, swali lenyewe halikuwapo. Dekreti ya mwaka 1926 iliweka mahakama za wenyeji, ambamo wazee walikata kesi za mahari, za madeni na za ugomvi wa majirani kwa kufuata desturi. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwanasheria Mbelgiji Antoine Sohier alianzisha mwaka 1933 jarida la kukusanya hukumu za mahakama hizo na sheria za kimila. Nalifikiria jambo hili kila ninaposoma historia ya sheria Katanga. Hekima ya wazee wetu ilichapishwa kwa Kifaransa ikawa elimu ya wengine, na wazee wenyewe hawakuwa na shule hata moja ya sheria ya kuwapeleka wana wao. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1954, na cha Élisabethville kikafuata mwaka 1956. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka minne tu.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1960. Mahakimu Wabelgiji walipoondoka, nchi ilibaki na makarani wa mahakama wenye uzoefu lakini wasio na shahada. Septemba mwaka huo, Mobutu alipokabidhi serikali kwa baraza la makamishna wasomi, wizara ya sheria ilipewa Marcel Lihau, na msaidizi wake akawa Étienne Tshisekedi. Wote wawili walikuwa hawajamaliza masomo ya sheria. Tshisekedi alihitimu Lovanium mwaka 1961, Lihau akahitimu Leuven, Ubelgiji, mwaka 1963. Mwaka 1968 Lihau akawa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi. Kipindi kile, mtu aliyesoma sheria, popote alipoisomea, alisubiriwa na kiti kabla hajatoka darasani.

Ili kujaza mahakama haraka, Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala, ENDA, ilianza Léopoldville mwaka 1961, na Tshisekedi akaiongoza. Lakini Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, na askari wa Umoja wa Mataifa waliutwaa mji wa Jadotville Januari 1963 tu. Kijana wa Kakontwe aliyekuwa na umri wa kuanza chuo miaka ile alikuwa upande wa pili wa vita.

Kisha ukaja mwaka 1971, ambao naona ndio uliowaumiza zaidi watoto wa machimbo. Serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, ikagawa vitivo. Lubumbashi ikabaki na vitivo kama fasihi na sayansi za jamii. Sheria ikaenda Kinshasa. Kwa mzazi wa Kakontwe maana yake ilikuwa hii: mtoto apande ndege, au apande treni siku kadhaa hadi Ilebo, halafu meli ya mto mpaka Kinshasa. Akifika anakuta mji wa Kilingala, hana shangazi wala mjomba wa kumpokea, na bursa ikichelewa hana pa kula. Aliyevumilia alipata kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote: alisoma benchi moja na watu ambao baadaye wangekuwa majaji, wakurugenzi wa wizara na maavoka wakubwa. Aliyeshindwa nauli akasomea kitu kingine, hata kama kipaji chake kilikuwa cha kutetea watu.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na sheria ikarudi kufundishwa Lubumbashi. Baadaye Likasi ikapata tawi la UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tawi hilo likawa chuo kikuu chenyewe, UNILI. Nyumba nyingi ziliuhitaji sana ukaribu huo. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya madini ya serikali, Gécamines, waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Baba aliyekuwa akilipa minervali, yaani ada ya chuo, kwa mshahara wa kampuni alirudi nyumbani na malipo ya mwisho ambayo wengi wanasema hadi leo hayakutimia. Kwa familia kama hiyo, chuo ambacho mtoto anarudi jioni kulala kwao ndicho pekee kinachowezekana.

Je, kumchagulia mtoto chuo cha karibu ni kumfungia njia? Sheria inasema hapana. Tangazo la sheria la 28 Septemba 1979 juu ya maavoka linatazama shahada. Tofauti kubwa linaiweka kwenye miaka ya masomo. Chini ya mfumo wa zamani wa masomo, aliyeishia G3, yaani miaka mitatu ya graduat, aliweza kuwa défenseur judiciaire na kusimama mbele ya mahakama ya amani na tribinali kuu, basi. Aliyemaliza L2, miaka mitano, aliweza kuomba kuingia baro, yaani chama cha maavoka, akala kiapo na kuvaa toga nyeusi yenye kitambaa cheupe shingoni, akafanya estaji ya miaka miwili chini ya avoka mzoefu. Anayetaka ujaji hupitia mtihani wa ushindani wa taifa.

Mlango wenyewe uko hapo kwenye estaji. Kijana anapiga hodi ofisi baada ya ofisi, faili ya plastiki mkononi: nakala ya diploma, matokeo, barua ya maombi. Walimu wengi wa sheria Lubumbashi ni maavoka wenyewe, na mwanafunzi aliyeketi mbele yao miaka mitano hahitaji kujieleza sana. Wa Likasi anahitaji. Tofauti imekua tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, na tangu Kongo ilipoingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, kwa sababu kesi za makampuni ya madini ziko mikononi mwa ofisi za Lubumbashi na Kinshasa, na huko ndiko kijana anakojifunza kuzishika. Naliona hili kuwa kosa letu, wala si la mtoto. Mawe yanachimbwa Kakontwe; mtu wa kujifunza kuyatetea atoke Kakontwe pia.

Kwa hiyo nawaomba maavoka wa Haut-Katanga: mkipokea barua ya estaji kutoka Likasi, mwiteni mwenye barua, mpeni faili moja aisome mbele yenu kabla hamjatazama jina la chuo. Nanyi wazazi, kabla ya kulipa minervali ya kwanza kwenye chuo chochote cha binafsi, ombeni kuona karatasi ya kibali cha serikali. Diploma isiyothibitishwa na wizara haipokelewi baro.