Marafiki wawili juu ya Mikeno: safari ya uwindaji ya mwaka 1921 na desturi yetu ya kuwinda

Neno safari ni letu. Wazee walilitumia kwa mwendo wa kutafuta chumvi, wa kubeba pembe, wa kwenda kuomba mke mbali. Leo ukifungua kamusi ya Wafaransa ao ya Waingereza, utalikuta pale limevaa kofia ya jua na kushika bunduki. Mtu mmoja aliyelieneza sana ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Alifika Kenya mwaka 1909 na mtoto wake Kermit, akawinda miezi na miezi, na mwanzo wa mwaka 1910 akaingia hata Lado, iliyokuwa bado mkononi mwa Wabeleji, kutafuta kifaru mweupe. Tangu pale, kwa tajiri wa Ulaya na Marekani, safari ni kwenda na rafiki Afrika kuua nyama wakubwa na kurudi na vichwa vyao.

Sitaandika juu ya Roosevelt. Nataka kuandika juu ya safari nyingine, isiyo na sifa nyingi kwetu, ingawa ilipita hapa hapa Kivu na sisi ndio tunaoishi ndani ya matokeo yake. Mwaka 1921 Carl Akeley na rafiki yake Herbert Bradley walikuja kuwinda ngagi kwenye milima ya Mikeno na Karisimbi. Waliua watano. Miaka mine baadaye, sababu ya safari ile, mtu wa Bwisha aliyeingia pori la babu yake na mkuki aliitwa mhalifu.

Kabla ya kuwafuata, tukumbuke kuwinda kwetu kulikuwa namna gani, maana vijana wetu wa mjini wanafikiri mtu alikuwa anaamka tu asubuhi na kwenda kuua. Hapana. Kuwinda ilikuwa kazi ya wengi na yenye sheria. Mbwa wa pori, wale wasiobweka sana, walifungwa kengele shingoni, ya mti ao ya chuma, kusudi mwenye mbwa asikie wapi nyama anakimbilia. Penye kuwinda kwa wavu, kama kwa Bambuti, wanaume walisimamisha nyavu, wanawake na watoto wakapita upande mwingine wakipiga kelele. Nyama akianguka, hakuna aliyesema ni wangu peke yangu. Aliyemchoma kwanza ana kipande chake, mwenye wavu chake, mwenye mbwa chake. Mwanamke aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga naye hakulala na njaa.

Na kulikuwa nyama wasiokuwa wa mwindaji hata kama amewaua yeye mwenyewe. Ngozi ya chui na meno yake vilikwenda kwa mkubwa wa inchi. Kuvificha ilikuwa sawa na kuiba kiti chake. Tembo akifa, sehemu nyingi za Kongo yetu, pembe iliyogusa udongo ilikuwa ya mwenye udongo. Kwa hiyo wazee walijua kabisa kwamba nyama wa pori wana mwenyewe. Shauri halikuwa kama kuna sheria ao hakuna. Shauri lilikuwa ni nani anaitunga.

Nisifanye wazee kuwa malaika. Wakati wa Tippo Tip na bunduki za biashara ya pembe, watu wetu wenyewe walisaidia kumaliza tembo maeneo mengi, na wakubwa wengine walipokea sehemu yao bila kuuliza. Lakini ngagi hakuwa ndani ya biashara ile. Upande wetu wa volkano watu hawamli. Aliweza kuuawa akiharibu shamba ao akinaswa katika mtego wa swala, si kwa kutafutwa.

Kutafutwa kulianza na Wazungu. Mwezi wa 10 mwaka 1902, kapiteni Mjerumani Robert von Beringe alipiga ngagi wawili juu ya Sabinyo. Mwaka uliofuata mwalimu wa nyama huko Berlin akampa ngagi wa mlima jina la kapiteni yule: beringei. Yaani nyama aliyejulikana na Batwa tangu zamani akaitwa kwa jina la mtu aliyemuua. Kisha wakafuata wengine, na mwaka ule ule wa 1921, mtoto wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, alipata kumi na wane.

Akeley hakuwa tajiri wa kujifurahisha tu, lazima tuseme hivyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za nyama ziwe kama nyama hai, kwa nyumba za makumbusho. Alikuwa na ufundi wa ajabu. Mwaka 1896, huko Somalia, alipigana na chui kwa mikono mitupu akamuua. Mwaka 1910 tembo alimponda karibu kufa kwenye mlima Kenya. Aliunda pia mashini yake mwenyewe ya kupiga sinema. Bradley alikuwa mwanasheria wa Chicago, mji ambamo Akeley alifanya kazi miaka mingi. Bradley alikuja na mke wake, Mary Hastings Bradley, mwandishi wa vitabu, na mtoto wao Alice, wa miaka sita. Ndiyo, walimleta mtoto. Akeley alitaka kuonyesha dunia kwamba ngagi si yule shetani wa hadithi, na kwamba hata wanawake wanaweza kumkaribia. Alice alikua, naye akawa mwandishi mwenye sifa, kwa jina la mwanamume: James Tiptree.

Njia yao sisi tunaijua kwa miguu na kwa matako. Kutoka Afrika ya Kusini walipanda gari la moshi mpaka Bukama, mahali reli ya Katanga ilipokuwa imeishia. Pale wakashuka Lualaba kwa mashua mpaka Kabalo, wakapanda tena reli mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, wakavuka Tanganyika mpaka Usumbura. Kisha miguu, bonde lote la Ruzizi, mpaka ziwa Kivu, na kwa ziwa mpaka kaskazini, chini ya volkano. Nimesema miguu, mizigo ilikwenda juu ya vichwa. Mahema, masanduku ya risasi, chumvi ya kukausha ngozi, plasta ya kutengeneza sura za wafu, vyakula vya bati, na vyombo vya sinema. Mtu aliyewahi kubeba ndizi kutoka Masisi na mvua anaweza kuelewa kidogo.

Kambi ya kwanza ilikuwa karibu na misheni ya Mapadri Weupe, Lulenga. Akeley alitangulia kupanda Mikeno na watu wa pale waliojua nyayo. Alikuwa mgonjwa, anapumua kwa shida, na mlima ule hauhurumii mtu: matope, upupu, mianzi iliyolala, na pembeni shimo. Ngagi wa kwanza aliyempiga alizuiwa na mti mmoja tu asianguke bondeni.

Ngagi wa pili alikuwa jike. Alibingirika kutoka juu, na mtoto wake akabaki. Waongozaji walimfikia mtoto yule na mkuki. Baadaye Akeley mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1923 kwamba alimkuta angali hai kidogo, na sura yake ilikuwa ya mtoto anayetaka kubebwa. Nafikiri maneno yale hayakuwa ya uongo. Katika kurasa zile anaonekana mtu aliyeanza kujiuliza kati yake na ngagi nani ndiye nyama wa porini. Alipiga pia sinema ya ngagi wakiwa hai, na inahesabiwa kuwa sinema ya kwanza ya ngagi wa mlima katika pori lao.

Kisha Bradley naye akapanda, na kwa bunduki yake akaanguka dume mkubwa wa mgongo mweupe, kwenye mteremko wa Karisimbi. Ngagi watano. Akeley akasema inatosha.

Ukienda New York leo, utawakuta wamesimama nyuma ya kioo katika jumba lenye jina la Akeley, lililofunguliwa mwaka 1936: dume la Bradley linapiga kifua, na nyuma yao imechorwa milima yetu ya volkano. Watu wasiohesabika wamejifunza ngagi ni nini kwa kuwatazama hawa watano.

Kitu kinachonishika ni hiki. Vitabu vya safari ile vinatupa majina ya kila Mzungu, hata ya mlezi wa mtoto. Mkikuyu mmoja, aliyemfuata Akeley safari nyingine, waliyemwita Bill, naye anajulikana. Lakini waongozaji wa Mikeno, waliofungua njia kwa panga, waliosoma kinyesi cha ngagi na kusema huyu ni wa jana, huyu ni wa leo, wanabaki tu «waongozaji». Bila wao Akeley angepiga mianzi.

Akeley aliporudi kwao, alianza kuomba Wabeleji wafunge milima ile isiwindwe tena. Alipata sikio. Mfalme Albert alikuwa ametembelea Marekani mwaka 1919 na kuona parke zao kubwa, na balozi wa Ubeleji huko Washington, Cartier de Marchienne, alishika shauri lile kwa mikono miwili. Tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 1925, Parc National Albert ilizaliwa: Mikeno, Karisimbi na Visoke, ya kwanza katika Afrika yote. Mwaka 1929 ikapanuliwa, na miaka iliyofuata ikaendelea kumeza tambarare za Rutshuru na Rwindi mpaka kwenye ziwa Edouard na Rwenzori. Tangu mwaka 1969 tunaiita Virunga.

Hapa ndipo hadithi ya marafiki wawili inakuwa hadithi yetu. Kwa kupanua parke, watu walihamishwa. Walilipwa kidogo, ao mkubwa wao alitia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Batwa, wengine kati ya Wazungu waliwaza kuwaacha ndani, kama sehemu ya pori, pamoja na ngagi. Mwishowe nao wakatolewa. Sheria ya kuwinda ya mwaka 1937 ilikuwa na permi za namna nyingi, na kila mtu anaweza kuelewa nani alikuwa na feza ya kununua permi na bunduki. Wavu, mtego na shimo, vyombo vya maskini, ndivyo vilivyoonekana kuwa vya ukatili. Sheria yetu ya mwaka 1982 ilifuata njia ile ile. Na neno jipya likaingia katika lugha: brakonye.

Mzee mmoja wa Rugari aliniambia hivi: «Mutoto, ile pori haikukuwaka na mupaka. Mupaka ilikuyaka na karatasi.» Baba yake alikuwa mwindaji wa mbwa, aliyejulikana vijiji vitatu. Alikamatwa na swala mmoja begani, akafungwa, akarudi amekonda. Hakuwinda tena.

Najua kuna wasomaji watakaosema: bila parke hakungebaki ngagi hata mmoja. Mimi pia nasema hivyo. Mwaka 1960 mwanasayansi George Schaller alikadiria ngagi wa Virunga kuwa karibu 450. Kufika mwaka 1981 walikuwa karibu 250 tu. Hesabu ya miaka 2015 na 2016, pamoja na upande wa Rwanda na Uganda, ilipata 604. Kuongezeka kule, katikati ya vita vyetu, kumelipwa kwa damu ya walinzi, na walinzi wale ni watoto wetu, si wa Chicago. Mwezi wa 7 mwaka 2007, dume Senkwekwe na wenzake walipouawa kwa bunduki, wanakijiji ndio waliowafunga juu ya miti na kuwashusha kwa mabega, kundi refu la watu. Waliotazama picha zile duniani waliona huzuni ya ngagi. Mimi niliona pia mabega.

Lakini kusema parke ilihitajiwa si kusema namna ilivyofanywa ilikuwa ya haki. Mambo haya mawili yanaweza kukaa katika kichwa kimoja. Aliyewinda kwa permi akawa baba wa ulinzi. Aliyewinda kwa desturi akawa mwizi. Wazee waliokuwa na sheria ya chui na ya pembe wangeweza kuulizwa. Walikuwa hapo, chini ya mlima, na lugha ya kuzungumza nao ilikuwapo.

Akeley alirudi mwaka 1926, pamoja na mke wake Mary Jobe na Mbeleji Jean-Marie Derscheid, kuchunguza ngagi na kuchora nyuma ya picha yake ya makumbusho. Hakufika mbali. Alikufa tarehe 17 mwezi wa 11 kule Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, akazikwa pale pale, katika uwanja mdogo wa majani ambako baadaye Schaller na Dian Fossey walikuja kupiga kambi zao. Wapagazi walimpandisha amelala kwenye machela.

Yule mzee wa Rugari hajawahi kufika Kabara, ingawa akiwa mlangoni pake anauona Mikeno vizuri, asubuhi mawingu yakiondoka. Nilipoaga, aliingia ndani akatoka na kengele ya mbwa ya baba yake, ya chuma, imeshika kutu. Aliitikisa karibu na sikio langu. Mbwa wa jirani, aliyekuwa amelala uani, akasimama.